Ndege ilipiga picha, majina yakatoka kwa wenyeji

Mtoto wa siku hizi akiulizwa kwao ni wapi, anafungua simu na kutuma alama ya mahali. Hana haja ya kumwelekeza mgeni apite penye mwembe, ashuke bondeni, avuke daraja la mbao kisha aulizie dukani.

Siku simu ikizima, au mtandao wa kijijini ukikata, ndipo mzazi anapogundua kuwa mwanawe wa miaka 12 hawezi kueleza njia ya kwenda kwa bibi yake. Amepita njia hiyo mara kumi, lakini hajui mto wanaouvuka unaitwaje.

Si kosa la mtoto. Ramani imemfikia mkononi ikiwa imekamilika, naye anaamini kuwa ni picha tu iliyopigwa kutoka juu. Hajui kwamba kila jina analoliona pale lilitoka kinywani mwa mtu.

Njia nzuri ya kumwonyesha hilo ni historia ya ramani zilizochorwa katikati ya karne iliyopita kwenye nchi ya ng'ombe huko Marekani. Ndege zilipiga picha za vilima, mabonde na nyumba, lakini hazikujua kisima kile kinaitwaje wala shule ile bado ina wanafunzi au imefungwa. Ilibidi mpimaji ashuke kwenye gari, abishe hodi na kuuliza.

Vilima vya mchanga na ng'ombe

Katika jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, kuna eneo linaloitwa Sandhills, maana yake vilima vya mchanga. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000, zaidi ya mara tatu ya Mkoa wa Kilimanjaro.

Ni matuta ya mchanga yaliyorundikwa na upepo enzi za kale, mengine yakiwa na kimo cha zaidi ya mita 100. Tofauti na jangwa, matuta haya yamefunikwa na majani, na kati yake kuna maziwa madogo na maeneo ya unyevu kwa sababu maji ya ardhini yako karibu.

Mchanga huo haufai kulimwa. Ukikwangua majani, upepo unauchukua. Kwa hiyo watu wa huko ni wafugaji wa ng'ombe, na ranchi moja inaweza kuwa na maelfu ya ekari. Kaunti ya Cherry, ambayo makao yake makuu ni mji wa Valentine, ni kubwa kuliko jimbo zima la Connecticut, lakini katika sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu wasiofika 6,000.

Kwa mgeni, eneo lote linafanana. Akimaliza tuta moja anakuta jingine. Aliyezaliwa hapo hapotei, kwa sababu anajua bonde hili lina ziwa la magadi, lile lina kinu cha upepo kinachovuta maji ya ng'ombe, na njia ya kwa jirani inapita nyuma ya kilima kile. Elimu hiyo ilikaa vichwani mwa watu, na mwenye nayo akihama au akifariki, iliondoka naye.

Thamani ya kujua nani anaishi wapi ilionekana wazi katika majira ya baridi ya mwaka 1949. Theluji nzito iliyopeperushwa na upepo ilifukia barabara za Nebraska, Wyoming na majimbo ya Dakota. Familia zilikwama ranchini, ng'ombe wakakosa malisho. Mwishoni mwa Januari jeshi liliingia kazini na matingatinga kufungua njia, na ndege zikadondosha marobota ya nyasi kavu kutoka angani. Watu zaidi ya laki mbili walifunguliwa njia.

Fikiria dereva wa tingatinga amefika kwenye weupe usio na barabara wala uzio unaoonekana, akiambiwa kuna mama na watoto mahali fulani mbele. Swali lake la kwanza ni moja: bonde gani?

Meza ya miguu mitatu

Kazi ya kuchora ramani za nchi nzima ilikuwa ya shirika la serikali linaloshughulikia jiolojia, USGS, lililoanzishwa mwaka 1879. Kwa miongo mingi wapimaji wake walifanya kazi kwa miguu na kwa farasi. Kifaa chao kikuu kilikuwa meza ndogo ya miguu mitatu yenye karatasi juu yake, pamoja na darubini ya kulengea.

Mpimaji alipanda juu ya kilima, akasimamisha meza, akalenga vilima vingine kwa darubini, akapima umbali na kimo, kisha akachora palepale huku akitazama ardhi yenyewe. Alichora vizuri, lakini polepole. Nchi pana yenye watu wachache kama ile ya ranchi ilisubiri zamu yake muda mrefu, na sehemu nyingi zilikuwa na ramani za jumla tu, au hazikuwa nayo kabisa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Vita vilikuwa vimekuza ufundi wa kupiga picha kutoka kwenye ndege, na serikali ilikuwa na haja kubwa ya ramani. Sheria ya mwaka 1944 ya kudhibiti mafuriko ilileta mpango wa mabwawa kwenye bonde la mto Missouri, ambako maji ya Nebraska huelekea. Huwezi kujenga bwawa bila kujua kimo cha ardhi na maji yatakapofika.

Jinsi picha mbili zinavyokuwa kilima

Ndege ilipita kwa mistari iliyonyooka, ikipiga picha moja baada ya nyingine. Kila picha ilirudia sehemu ya picha iliyotangulia, kwa kawaida karibu asilimia 60. Wapigapicha hawakuwa wakipoteza filamu. Kwa kufanya hivyo, kila kilima kilionekana kutoka sehemu mbili tofauti za anga.

Macho yetu hufanya kazi hiyohiyo. Jicho la kulia linaona kitu kwa pembe tofauti kidogo na la kushoto, na ubongo ukiunganisha picha hizo mbili tunajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Ofisini, picha mbili ziliwekwa kwenye mashine iliyozimulika kwa taa za rangi mbili tofauti. Mchoraji alivaa miwani yenye kioo chekundu upande mmoja na cha bluu-kijani upande wa pili, na mbele yake nchi ikasimama: vilima vikainuka, mabonde yakazama. Alisogeza kidoti cha mwanga juu ya sura hiyo ya nchi bila kubadilisha kimo, na penseli iliyokuwa chini yake ikachora mstari.

Mstari huo ndio kontua, unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja. Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi ni tambarare.

Hata hivyo mashine haikuweza kujua kimo halisi bila kusaidiwa. Wapimaji walitangulia ardhini kupima sehemu chache kwa uangalifu, na nyingine wakazitia alama kwa visahani vya shaba vilivyokazwa kwenye zege. Picha zilifungwa kwenye vipimo hivyo.

Ramani iliyozoeleka zaidi ilikuwa ya skeli ya 1:24,000, ambapo sentimita moja kwenye karatasi ni mita 240 ardhini. Karatasi moja huko Nebraska ilionyesha eneo la takriban kilomita 14 kwa 10. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 1947 zilitaka angalau asilimia 90 ya sehemu zitakazokaguliwa ziwe ndani ya takriban mita 12 za mahali pake halisi. Ili kumaliza majimbo 48 yanayopakana zilihitajika ramani zaidi ya 50,000 za skeli hiyo, na kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990.

"Hapa panaitwaje?"

Baada ya mashine kumaliza, mtu alirudi uwandani na rasimu mkononi. Hii ndiyo hatua ambayo watoto wetu hawaijui.

Picha inaonyesha mstari mweupe, lakini haisemi kama ni barabara inayopitika mwaka mzima au njia ya ng'ombe. Inaonyesha paa, lakini haisemi kama chini yake wanaishi watu. Mpimaji alipita kukagua, akirekebisha kilichokosewa na kuongeza ambacho kamera haikukiona.

Majina yalitaka kuulizwa. Ziwa hili mnaliitaje? Bonde lile je? Jina mnaliandika vipi? Jirani naye analiita hivyohivyo? Marekani ina bodi ya serikali inayosimamia majina ya mahali tangu mwaka 1890, na mojawapo ya misingi yake ni kuheshimu jina linalotumiwa na wakazi wenyewe.

Ndiyo maana ramani za huko zimejaa majina yenye harufu ya maisha ya watu. Kaunti ya Cherry ina Dads Lake, ziwa la baba, na Big Alkali Lake, ziwa kubwa la magadi. Upande wa kusini kuna mto Dismal, jina lenye maana ya majonzi. Hakuna kamera inayoweza kuona majonzi ndani ya mto. Aliyeliona ni mtu, akawaambia wenzake, nao wakalishika.

Lakini swali likiulizwa nyumba moja, nyumba nyingine huachwa. Kabla ya wafugaji wazungu kufika, nchi hiyo ilikuwa ya Walakota, Waponca, Wapawnee na wengine, ambao walikuwa na majina yao. Mengi hayakuingia kwenye karatasi. Machache yamebaki, kama mto Niobrara, jina lililotoka kwenye lugha ya Waponca na Waomaha likieleza maji yanayotanda. Anayelijua neno hilo anajua tabia ya mto kabla ya kuufikia.

Kila kinu, kila shule

Ramani iliyokamilika ilikuwa na rangi tano, na kila rangi ilikuwa na kazi yake. Kahawia ni kontua. Bluu ni maji. Kijani ni miti. Nyeusi ni vitu vilivyojengwa na binadamu, pamoja na majina. Nyekundu ni barabara kuu na mistari ya mgawanyo wa ardhi.

Mistari hiyo myekundu ilitokana na sheria ya mwaka 1785 iliyokata nchi katika viraba vya maili moja kwa maili moja, sawa na ekari 640. Viraba 36 viliunda kiraba kikubwa, na kila kimoja kina namba. Mtu wa ranchini asiye na mtaa wala namba ya nyumba aliweza kutaja namba ya kiraba chake, na mwenye ramani akajua alipo.

Katika nchi ya ng'ombe, vinu vya upepo viliwekwa kwenye ramani kimoja kimoja. Kwa mtu wa mjini hilo linaweza kuonekana ni jambo dogo. Kwa mfugaji, kinu ndiyo maji ya mifugo, na kwa aliyepotea ni ishara kuwa kuna mtu anayekuja kukikagua.

Shule nazo ziliwekwa. Alama yake ilikuwa kijumba cheusi chenye bendera. Nyingi zilikuwa za chumba kimoja na mwalimu mmoja, zikihudumia watoto wa ranchi chache za jirani. Nebraska ilikuwa na maelfu ya wilaya ndogo za shule za aina hiyo. Watoto walipungua, barabara zikaboreka, nazo zikafungwa moja baada ya nyingine. Sheria ya mwaka 2005 iliunganisha wilaya za mwisho zilizokuwa na shule za msingi pekee na wilaya kubwa.

Leo mahali pengi hapana hata tofali. Lakini kwenye ramani ya miaka ya 1950 kijumba chenye bendera bado kipo, na mjukuu anaweza kuweka kidole hapo na kusema bibi yangu alisoma hapa. USGS imeingiza ramani zake za zamani kwenye mtandao, zaidi ya 170,000, na mtu yeyote duniani anaweza kuzipakua bila malipo.

Rangi ya zambarau

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, ilipohitajika kuongeza barabara au majengo mapya haraka, shirika lilitumia picha mpya za ndege na kuyachapa mabadiliko hayo kwa rangi ya zambarau. Pembeni ya ramani kuliwekwa maelezo kuwa mambo ya rangi hiyo hayajakaguliwa uwandani.

Kwa maneno mengine, zambarau ilimwambia msomaji: hili tumeliona kutoka juu, hatujauliza mtu.

Ramani mpya za Marekani, zinazotolewa tangu mwaka 2009, zinatengenezwa kwa kompyuta kutoka kwenye hifadhi za takwimu. Zinatoka haraka na kusahihishwa mara kwa mara. Lakini mpimaji wa kuzunguka ranchi hadi ranchi hayupo tena. Ramani ya kwenye simu ya mwanao nayo ni hivyohivyo: inajua njia fupi na foleni iko wapi, lakini jina ambalo hakuna aliyeliingiza haitalijua kamwe.

Nasi tulichorwa miaka hiyohiyo

Afrika Mashariki ilipitia jambo linalofanana. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya kupima makoloni yake, na ndege za jeshi la anga zikaanza kupiga picha za maeneo makubwa ya Afrika. Kutokana na picha hizo zilitoka ramani za skeli ya 1:50,000 za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Vipande vya ramani za aina hiyo ndivyo wanafunzi wa sekondari wanavyowekewa kwenye mtihani wa Jiografia, sehemu ya usomaji wa ramani ambayo wengi wanaiogopa. Wanakariri jinsi ya kupima umbali na kusoma kontua bila kuambiwa kwamba kuna mtu alitembea huko akiuliza majina.

Anza nyumbani

Huhitaji vifaa vya gharama kumfundisha mtoto mambo haya.

Kwanza, kiazi. Chagua kikubwa chenye umbo la kilima, kikate katikati kwa urefu, ulaze nusu moja juu ya meza. Toboa matundu mawili kwa njiti kutoka juu hadi chini. Kisha mzazi akate vipande vya ulalo vyenye unene wa sentimita moja. Mtoto aweke kipande cha chini kwenye karatasi, achore kukizunguka na kutia alama za matundu. Afanye hivyo kwa kila kipande, akilinganisha matundu. Atakuwa amechora kontua. Muulize: upande gani wa kilima ni rahisi kupanda?

Pili, kalamu mbili. Afumbe jicho moja, anyooshe mikono, ajaribu kugusanisha ncha za kalamu. Atakosa mara kadhaa. Afumbue macho yote mawili, ajaribu tena. Hapo ataelewa kwa nini ndege ilipiga kilima kilekile mara mbili.

Tatu, njia ya nyumbani. Mpe karatasi achore kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, akiweka kaskazini juu. Kisha amwelekeze mtu mzima kwa maneno tu, bila simu. Siku ya moto au ya mgonjwa ndani ya nyumba, mtoto anayeweza kusema "shuka kona ya pili baada ya mashine ya kusaga, nyumba iko mkono wa kushoto kabla ya korongo" anaweza kuokoa maisha.

Nne, na hili lina haraka, ni majina. Mkienda kijijini likizo ijayo, mtoto achukue daftari na kutembea na babu, bibi au mzee wa jirani. Aulize kila kijito, kilima, mti mkubwa, kisima na njia panda: hapa panaitwaje? Nani alipaita hivyo? Zamani palikuwa na nini? Aandike kama alivyosikia, kwa lugha ya pale, kisha amsomee mzee ili asahihishe.

Aulize zaidi ya nyumba moja. Mfugaji, mvuvi na mama anayechota maji wanaweza kuwa na majina matatu ya mahali pamoja, na yote ni ya kweli.

Mkirudi, achore ramani ya eneo hilo na kuyaandika majina yote. Yale aliyoyasikia kwa wenyeji yaandikwe kwa wino mweusi. Yale mliyoyakisia au kuyaona kwenye simu yaandikwe kwa zambarau. Likizo nyingine mkienda, mtajua nani wa kumuuliza na nini bado hakijaulizwa.